Jina la mtu limo kwenye faili la serikali: mbona hajashtakiwa?

Mwalimu wa historia wa shule ya sekondari ameniandikia hivi: "Wakili, shikamoo. Tangu Marekani waanze kumwaga mafaili ya Epstein, kundi letu la WhatsApp halilali. Kila asubuhi kuna orodha mpya ya wakubwa. Mimi nauliza: kama nyaraka zimetoka serikalini kwenyewe, na jina la mtu limo, mbona hakamatwi? Ushahidi gani tena unatakiwa? Au sheria ni ya sisi wanyonge tu? Na nikizisambaza hizo orodha, naweza kuingia matatani?"

Marahaba, Mwalimu. Kwa msomaji asiyemjua, Jeffrey Epstein alikuwa tajiri wa Marekani aliyeshtakiwa kwa biashara ya kuwatumia wasichana wadogo kingono. Umeuliza maswali matatu kwa mpigo. La kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Waraka wa serikali unathibitisha kwanza jambo moja tu: kwamba mtu fulani aliandika maneno fulani siku fulani. Kama yaliyoandikwa yalitokea kweli, hilo ni la pili. Kama yalitendwa na huyu aliyesimama kizimbani, ni la tatu. Na kama kuyatenda kulikuwa kosa kwa sheria ya mahali pale siku ile, ni la nne. Kundi lenu linaruka kutoka la kwanza hadi la nne bila kugusa ardhi. Mahakama hairuhusiwi kuruka.

Wengi hawajawahi kuona jalada la upelelezi kwa ndani, ndiyo maana wanadhani kila ukurasa ni tuhuma. Jalada linapokea kila kilichomfikia mpelelezi. Humo utakuta taarifa ya mtu aliyepiga simu asijitaje, barua ya jirani mwenye kisa na jirani, kipande cha gazeti, daftari la namba za simu, risiti ya hoteli, maelezo ya shahidi aliyekuja kuyakana baadaye, na ripoti ya askari anayesema ameambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa. Mpelelezi anayejua kazi haachi kitu, maana hajui kesho kipi kitakuwa na maana. Kuchuja kunakuja baadaye, na mara nyingi anayechuja ni mwendesha mashtaka. Serikali ikitoa jalada zima kwa umma, imetoa mchele na pumba kwenye gunia moja, na haikuandika juu ya gunia kipi ni kipi.

Kwa hiyo jina linaweza kuwamo kwa sababu mwenye jina ni mtuhumiwa, au shahidi, au mwathirika, au dereva, au mtu aliyetajwa na mwingine akijisifu kwamba anamjua. Nimeona orodha iliyosambaa mwanzoni mwa 2024, mahakama ya New York ilipofungua nyaraka za kesi ya madai iliyofunguliwa mwaka 2015 na mwanamke mmoja dhidi ya Ghislaine Maxwell, mshirika wa Epstein. Watu waliziita "orodha ya wateja". Haikuwa orodha ya wateja. Yalikuwa majina ya kila aina ya watu waliotajwa kwenye mahojiano na maombi ya mawakili, wakiwamo walioulizwa tu kama waliwahi kuonekana mahali fulani. Lakini kichwa cha habari kilikwisha kuandikwa, na sahihisho halikimbii kama habari.

Tuchukue kesi yenyewe ya jinai dhidi ya huyo Maxwell, kwa sababu inajibu swali lako vizuri kuliko nadharia. Alitiwa hatiani tarehe 29 Desemba 2021 kwa makosa matano kati ya sita, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Kumbukumbu za safari za ndege ya Epstein, zile zile ambazo mitandao inazipenda, zilikuwamo mahakamani. Rubani alipanda kizimbani. Lakini karatasi ya safari inasema mtu alipanda ndege kutoka hapa kwenda pale. Haisemi alikwenda kufanya nini. Kilichoibeba kesi ni wanawake wanne waliokula kiapo, wakasimulia yaliyowapata walipokuwa wasichana, kisha wakakaa pale pale kupigwa maswali ya dodoso na mawakili wa mshtakiwa, maswali makali ya kuwatafutia uongo na tamaa ya fedha. Juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, ikawasikia, ikawaona wakijibu, ikaamini. Nyaraka zilikuja kuunga mkono maneno yao. Zingekuja peke yake, sidhani kama kungekuwa na hukumu.

Hilo la dodoso ndilo raia wengi hawalipi uzito, na kwetu sisi mawakili ndilo kila kitu. Karatasi haiulizwi swali. Huwezi kuiambia: ulikuwa umesimama wapi, taa ilikuwa inawaka, ulimjuaje, mbona mara ya kwanza ulisema vingine? Ndiyo sababu sheria za ushahidi, za kwetu Tanzania, za Kenya na za Uingereza tulikozirithi, zinautilia mashaka ushahidi wa kuambiwa na zinataka aliyeona aje mwenyewe. Kuna milango ya pembeni: aliyeandika akiwa amefariki, rekodi za kawaida za biashara, nyaraka za umma zilizothibitishwa na ofisi inayozitunza. Milango hiyo ni ya kweli na nyaraka nyingi hupita humo. Hata hivyo, kupokelewa kuwa kielelezo hakumaanishi kuaminiwa. Kumepita mlangoni tu. Uzito wake utapimwa wakati wa hukumu.

Na kuna jambo jingine la kawaida kabisa ambalo linakatisha tamaa: kesi ya jinai hufa na mshtakiwa. Epstein alikutwa amekufa mahabusu New York tarehe 10 Agosti 2019, na mashtaka dhidi yake yakafutwa. Mafaili yanayotolewa sasa kwa sheria iliyosainiwa Novemba 2025 yanatolewa ili umma ujue. Hakuna mshtakiwa anayesubiri mwisho wa ukurasa.

Sasa niende kwenye kesi iliyo karibu nasi, Mwalimu, ambayo naamini ni mfano bora duniani wa tofauti kati ya kinachojulikana na kinachothibitika. Nazungumzia mafaili ya Kenya ya wakati wa Mau Mau.

Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya kizuizi ya Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa walipelekwa kufanya kazi kwa nguvu na walinzi wakawapiga marungu. 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Soma tena hapo: huo ulikuwa waraka rasmi wa serikali, umetoka ofisini, na ulikuwa uongo. Ulipofanyika uchunguzi wa vifo, Hakimu Goudie alikuta kwamba vifo vilitokana na kipigo. Waraka rasmi dhidi ya waraka rasmi, ndani ya miezi michache. Anayeniambia "imetoka serikalini" kama ndiyo mwisho wa mjadala, mimi humrudisha Hola.

Miaka ikapita. Kila mzee wa Nyeri na Murang'a alijua yaliyotendeka kambini. Walijua pia, au walihisi, kwamba Mwingereza alipoondoka aliondoka na makaratasi. Hisia hiyo haikuwa ya kijiweni tu: mwaka 1967 serikali ya Kenya iliomba nyaraka zirudishwe ikakataliwa. Lakini ukiuliza "ziko wapi?", jibu lilikuwa kimya, na mtu anayezungumzia mafaili yaliyofichwa katika nyumba ya siri Uingereza alisikika kama mtu wa nadharia za njama.

Mwaka 2009 wazee watano walifungua shauri Mahakama Kuu ya London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Miongoni mwao alikuwamo Paulo Nzili, aliyehasiwa akiwa kizuizini; Jane Muthoni Mara, aliyedhalilishwa kingono kwenye kambi ya mahojiano; na Wambugu wa Nyingi, aliyekuwapo Hola siku ile, akapigwa hadi akapoteza fahamu, akalazwa pamoja na maiti. Wizara haikuanza kwa kubisha kwamba waliteswa. Ilianza na hoja ya kisheria, na nakiri ni hoja ya werevu: koloni la Kenya lilikuwa serikali yake yenyewe, na madeni yake yote, yakiwamo ya mateso, yalirithiwa na Kenya huru Desemba 1963. Yaani nendeni mkaishtaki Nairobi.

Angalia jinsi hoja hiyo inavyobadilisha maana ya ushahidi. Ghafla swali la mahakama si tena "je, watu walipigwa?" Swali ni "je, London ilijua, ikaafiki, ikashiriki?" Wazee hao wakisimama na kuonyesha makovu yao, hawawezi kulijibu. Kovu halisemi nani alisaini. Hapo ndipo karatasi inahitajika, na karatasi inayohitajika ni ya aina moja tu: iliyoandikwa na mkubwa kwenda kwa mkubwa mwenzake, wakati ule ule, bila kufikiri kwamba itasomwa na mwingine.

Mwanahistoria David Anderson, aliyekuwa shahidi upande wa wazee, alikuwa amefuatilia nyayo za makasha yaliyosafirishwa kutoka Nairobi mwaka 1963. Hakuiambia mahakama kwamba "wameficha kitu". Alieleza kiasi kinachokosekana na njia yaliyopitia: takriban majalada 1,500, makasha 300. Mwanzoni mwa 2011 wizara ikakiri. Majalada yalikuwa Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi mkali kaskazini ya London, pamoja na mengine kutoka makoloni mengine, jumla yake yapata 8,800 kutoka maeneo 37. Siku hizi mengi yake yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo wa FCO 141.

Humo yalikutwa maagizo yenyewe ya kuficha. Mwaka 1961 wizara ya makoloni iliagiza kwamba serikali zinazokuja zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha Serikali ya Malkia au kuwafichua wapashaji habari. Kule Kenya majalada yaliyohusika yalishikwa na maofisa wenye asili ya Kizungu peke yao. Yaliyopaswa kuteketezwa yachomwe, na majivu yapondwe yasisomeke. Palipokuwa na bahari, makasha yafungwe mizigo mizito yakazamishwe mbali na pwani. Naomba uyakumbuke haya kila mtu anapokuambia kwamba dhana ya kufichwa kwa nyaraka ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Wakati mwingine ni kweli tupu, tena ina kumbukumbu namba.

Yaliyosalimika yalitosha kuumiza. Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu kipigo kilichokuwa kikitumika kambi za Mwea kuwavunja wafungwa wapya. Alieleza namna ya kukifanya kionekane halali: wasipigwe penye wengu, ini wala figo, na wapigaji wawe watulivu, wasiwe na hasira. Kisha akaweka sentensi ambayo sasa imekuwa maarufu: kama tutatenda dhambi, basi tuitende kimyakimya. Gavana naye akampelekea waziri wa makoloni, Alan Lennox-Boyd, habari za mbinu hiyo.

Mimi kama wakili naisoma barua hiyo kwa namna tofauti na anayeisoma kwenye simu. Msomaji wa simu anaona ukatili. Mimi naona mnyororo: ofisa wa kambi, Mwanasheria Mkuu, Gavana, waziri mjini London. Kila pete ina jina, cheo na tarehe. Mwandishi ana ujuzi wa jambo analoandika kwa sababu ndiye mshauri wa sheria wa serikali. Anaandika dhidi ya maslahi ya serikali yake mwenyewe, na mtu hasemi uongo wa kujitia hatiani kwa bosi wake. Karatasi imetunzwa na mdaiwa mwenyewe kwa nusu karne, kwa hiyo hawezi kusema imeghushiwa. Na inagusa hasa jambo linalobishaniwa. Tetesi zote za miaka hamsini zilikuwa sahihi kuliko watu walivyodhani, lakini hazikuwa na hata moja kati ya sifa hizo.

Tarehe 21 Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kulitupa shauri. Mwaka uliofuata wakili wa wizara alisimama mahakamani akasema serikali yake haibishi kwamba wazee hao waliteswa. Ikabaki hoja ya ukomo wa muda: kule Uingereza dai la kuumizwa mwili lifunguliwe ndani ya miaka mitatu, ingawa jaji ana hiari ya kulegeza. Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji akalegeza. Sababu yake kubwa ilikuwa wingi wa nyaraka: kumbukumbu zilizobaki zilimridhisha kwamba kesi ya haki bado inawezekana kwa wazee wale watatu waliokuwa wamebaki katika shauri.

Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alitangaza bungeni kwamba Uingereza inasikitika kwa dhati, na italipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa ajili ya wadai 5,228. Hapa pana jambo ambalo hata magazeti yetu huliandika vibaya. Hakuna mahakama iliyomtia Mwingereza hatiani. Yalikuwa makubaliano nje ya mahakama, na katika hotuba ile ile Hague alisema serikali yake inaendelea kukataa kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Kwa umma jambo limethibitika na nadhani umma uko sahihi. Katika vitabu vya sheria limebaki shauri lililosuluhishwa.

Sasa sikiliza sehemu ya pili, ambayo haisimuliwi kwa sababu haina furaha. Baada ya ushindi ule, Wakenya zaidi ya 40,000 walifungua shauri jingine katika mahakama ile ile ya London, linalojulikana kwa jina la Kimathi. Mafaili ni yale yale. Barua ya Griffith-Jones ni ile ile. Kesi ilianza kusikilizwa mwaka 2016 mbele ya Jaji Stewart, wadai wachache wakasikilizwa kama mfano wa wengine. Mwaka 2018 likatupwa.

Kwa nini? Kwa sababu nyaraka zilizotosha kuonyesha mfumo hazikutosha kuonyesha yaliyompata mtu mmoja mmoja. Barua ya Mwanasheria Mkuu inakuambia kwamba kipigo kiliidhinishwa Mwea. Haikuambii kwamba mama huyu, katika kijiji hiki cha kulazimishwa, mwaka huu, alipigwa na mlinzi yule. Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita. Walinzi wamekufa, machifu wamekufa, kumbukumbu za mashahidi zimechanganyika na simulizi za majirani. Jaji akaona kwamba wizara haiwezi tena kupata nafasi ya haki ya kujitetea dhidi ya madai ya mtu mmoja mmoja, na akakataa kulegeza ukomo wa muda.

Kisheria naelewa hukumu hiyo, na kama ningekuwa jaji ningehangaika sana kuiandika kinyume. Lakini inanikera. Aliyekalia mafaili kwa miaka hamsini ndiye aliyefaidika na miaka hamsini kupita. Sheria ya ukomo imetungwa kumlinda mdaiwa dhidi ya ushahidi uliochakaa, na hapa mdaiwa ndiye aliyeuchelewesha. Mtu akiniambia hapo haki haikutendeka, sitabishana naye. Nitabishana naye tu akisema hapakuwa na sababu.

Weka kesi hizo mbili mezani mbele ya wenzako wa kundini. Mafaili yale yale, matokeo mawili. Kilichobadilika ni swali ambalo mafaili yalitakiwa kulijibu.

Marekani wenyewe wana fundisho la namna hiyo, nitalipita haraka. Kuhusu kifo cha Rais Kennedy, mtu pekee aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa njama ni mfanyabiashara wa New Orleans, Clay Shaw. Tarehe 1 Machi 1969 juri ilimwachia huru baada ya kujadiliana kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 1979 kamati ya Bunge ikasema huenda kulikuwa na njama, ikiegemea hasa utepe wa redio ya polisi ambao wataalamu waliusikiliza wakasema una mlio wa risasi ya nne. Ilikuwa sayansi, ilikuwa ripoti ya Bunge, watu wakasherehekea. Mwaka 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi liliupima upya likakuta kwamba sauti zile zilinaswa yapata dakika moja baada ya Rais kupigwa risasi. Machi 2025 yakatolewa makumi ya maelfu ya kurasa nyingine za jambo hilo hilo. Madhara yaliyoonekana mara moja yaliwapata watu wa kawaida walio hai, ambao namba zao za hifadhi ya jamii ziliachwa wazi kwenye kurasa.

Swali lako la pili: sheria ni ya wanyonge tu? Sitakudanganya kwa kujibu hapana. Hola palikuwa na maiti 11, palikuwa na uchunguzi wa hakimu, na bado hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Pale ushahidi haukupungua. Kilichopungua ni nia. Kwa hiyo mtu asiposhtakiwa kuna uwezekano wa aina mbili na ni lazima kuutenganisha. Njia ninayoitumia ni kuuliza: je, kuna mtu huru aliyekwisha kuupima ushahidi huu, awe hakimu, mkaguzi au jopo, akasema unatosha, kisha ofisi ya mashtaka ikakaa kimya? Kama yupo, uliza kwa sauti na usichoke, maana hapo umma una haki ya kudai sababu. Kama hayupo, na kilichopo ni picha ya mtu akinywa chai na mtu mbaya, basi bado tuko kwenye tetesi, hata kama tetesi yenyewe itakuja kuwa kweli.

Ile mistari iliyopakwa weusi kwenye mafaili yanayotolewa nayo isomwe hivyo hivyo. Mingine inaficha majina ya waathirika ambao sheria inawalinda, mingine inalinda upelelezi unaoendelea, na mingine, kama tulivyoona Hanslope, inawaokoa wakubwa na aibu. Wino mweusi hausemi uko upande gani. Wanaodai ufunuliwe waende mahakamani au bungeni na waombe kipande mahususi, kama Anderson alivyotaja makasha. Ombi la "tuleteeni kila kitu" ni rahisi kulizungusha. Ombi la jalada lenye tarehe na namba linamlazimisha ofisa kusema lipo au halipo. Kenya na Tanzania zote zina sheria za haki ya kupata taarifa tangu 2016, na ofisa akijibu kwa maandishi kwamba jalada halipo, jibu lake nalo ni waraka.

La tatu, kusambaza. Ndiyo, unaweza kuingia matatani. Kashfa haiponi kwa kuandika "imetumwa kama ilivyopokelewa". Anayerudia maneno ya kumvunjia mtu heshima anawajibika karibu sawa na aliyeyaanza. Kwa Tanzania kuna pia kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachohusu kuchapisha taarifa mtu akijua ni za uongo au za kupotosha. Nina maoni yangu kuhusu jinsi kifungu hicho kinavyoweza kutumika vibaya dhidi ya wakosoaji, lakini kipo. Waathirika ndio wanaoniumiza zaidi. Katika orodha hizo mnazorushiana, baadhi ya majina ni ya wanawake waliodhulumiwa wakiwa watoto. Kundi lenu la walimu haliwezi kujua yupi ni yupi kwa kutazama jina.

Kusambaza ukurasa wenyewe wa hati iliyotolewa rasmi, ukasema "hati hii inasema hivi, imeandikwa na fulani, mwaka fulani", ni jambo tofauti na kusambaza orodha yenye kichwa "wahalifu hawa hapa". La kwanza unaweza kulitetea. La pili umeshatoa hukumu, na utaulizwa ulisikiliza shahidi gani.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukipata waraka wenye chanzo na namba ya ukurasa, nitumie tu. Nitausoma na nitakuambia unathibitisha nini. Orodha zilizochapwa upya na mtu asiyejulikana, tafadhali ziishie kwako.